Mrithi

Jumapili, baada ya misa ya pili,
tunakutana Kizota, nyuma ya gereji ya Ndahani.
Landrova saba, pua zimeelekea ukutani
kama ng'ombe waliochoshwa na jua,
kila moja imedondosha oili yake mchangani.
"Isiyovuja," husema Ndahani, "ujue imekauka."

Leo ajenda ni moja: mpya imeingia mjini.
Imeletwa na mradi fulani, inalala Area D,
nyeupe, mviringo, imenona mashavuni,
na jina la marehemu limebandikwa usoni.

Chilongani ameizunguka mara tatu. Anatoa taarifa:
"Haina chesisi," anasema,
kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba fulani hana mgongo.
"Mlango unafunga kimya. Utajuaje umefunga?
Inainuka yenyewe, inainama yenyewe,
kama kijana anayeamkia wakubwa siku ya posa."

Malugu, mbeba mahindi wa Kibaigwa, anatema mate pembeni:
"Ikizimika porini unafungua boneti,
unakuta plastiki nyeusi inakutazama.
Unapiga simu Dar. Dar nao wanapiga kwingine.
Wewe na mbuzi mnasubiri.
Yangu ilikata feni belti kule Chipanga,
nikaifunga kwa mkanda wa suruali,
nikaingia Bahi mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine kiunoni."

Tunacheka. Tumeisikia mara hamsini, tunacheka.

Nyemo tu hacheki. Hii gari yake ameachiwa na baba.
"Mpya ina mikanda," anasema. "Ina mifuko ya hewa.
Mama yangu alivunja taya kwenye dashibodi ya hii hapa,
kilima cha Kibakwe, mwendo wa kobe.
Nyie mnapenda maumivu, halafu mnayaita uimara."

Mtu anakohoa. Spana inaanguka mahali.

Ndipo lile neno likaanza kuzunguka na birika la chai:
mrithi hajafanana naye.
Mrithi apewe muda.
Mrithi sharti awe na mabega.

Mimi nimeshika kikombe cha bati. Neno hilo nalijua.
Miaka kumi na mmoja nyuma, Mvumi,
matanga yalipoanuliwa,
wanaume walikaa vivi hivi, kwenye viti vya kuazima,
wakajadili nani atashika nafasi ya Masinjisa.
Wakamtaja shemeji: ana ng'ombe, hanywi sana,
na kwa nyuma, akitembea, utadhani ni yeye.
Nilikuwa jikoni napepeta uwele,
sifa zake zikinifikia kwenye ufa wa ukuta.

Usiku wa manane nikatoa ufunguo chini ya godoro.
Sikujua kuendesha. Nilijua kutazama:
mguu wake wa kushoto,
kiganja chake kikiibembeleza gia ya pili
isiyopenda kushikwa ikiwa baridi.
Nikaizima mara nne. Ya tano ikakubali.
Makorongo ya Mvumi niliyapita kwa taa moja,
ungo wa uwele ukirukaruka kiti cha pembeni.
Sijui kwa nini niliubeba.

"Sechelela," Ndahani ananishtua, "wewe hujasema."

Nikasema: iacheni ile gari.
Yenyewe haikuomba jina.
Shemeji yangu naye hakuwa mtu mbaya;
wangemwacha na jina lake
tungekuwa tunasalimiana mpaka leo.

Hawakuelewa. Chilongani akauliza shemeji yupi,
anauza spea?

Jua lilipoinama Nyemo akaomba lifti, yake imegoma.
Mlango wa upande wake ukakataa kufunga.
"Piga na bega," nikamwambia. Akapiga. "Tena."
Ukakataa. "Basi ushikilie mpaka Majengo."

Akaushikilia, vumbi likimwingia kinywani,
mkono mmoja nje, umekakamaa,
na wa pili, nikauona kwa pembe ya jicho,
ukipapasa begani, ukipapasa kiunoni,
ukitafuta mkanda
ambao haujawahi kuwapo.

Nikapunguza mwendo.